Simu Mkononi, Timu Wodini: Mafunzo Mseto kwa Wodi ya Wazazi

Saa nane na nusu usiku. Mama amejifungua salama, mtoto ameshalia, kisha damu inaanza kutoka kwa kasi isiyo ya kawaida. Mkunga aliye kitandani anapaza sauti: "Leteni dripu!" Chumbani wamo wenzake watatu. Wote wanasikia, wote wanageuka, na kila mmoja anaamini mwingine ndiye anayekwenda. Dripu inafika baada ya agizo la pili, tena zinafika mbili kwa mpigo, huku oksitosini, dawa ya kubana mfuko wa uzazi ili damu ikate, ikiwa bado kwenye friji.

Nimekaa leba miaka mingi na nimeliona jambo hilo kwa sura nyingi. Kinachouma ni kwamba mkunga aliyekuwa akipaza sauti alikuwa ametoka semina wiki mbili nyuma. Siku mbili hotelini, chai na sambusa, cheti chenye mhuri. Dozi zote anazo kichwani. Wenzake hawakwenda, kwa sababu lazima watu wabaki na wagonjwa. Tulimfundisha mtu mmoja kazi inayofanywa na watu wanne.

Nimeandika haya kwa ajili ya yeyote aliyebebeshwa jukumu la mafunzo kazini, awe matroni, kiongozi wa zamu au mratibu, ambaye hana bajeti ya hoteli lakini ana watumishi wenye simu. Mfano wangu ni damu nyingi baada ya kujifungua, kwa kuwa ndiyo kazi ninayoijua. Ukiwa jikoni hotelini au ghalani bandarini, badilisha tukio tu, hatua zinabaki zilezile.

Mseto wa nini na nini?

Wengi wakisikia mafunzo mseto wanadhani ni semina ileile, ila slaidi zimetupwa kwenye kundi la WhatsApp. Huo si mseto, ni mzigo umehamishiwa kwenye bando la mtumishi. Mseto ninaousema una sehemu mbili zinazotegemeana: anachoweza mtu kujifunza akiwa peke yake anakipata simuni, na kinachohitaji mkono na sikio la mwenzake kinafanyiwa mazoezi palepale kazini, kwa muda mfupi, mara kwa mara.

Kuna ushahidi wa nyumbani kabisa. Mwaka 2010 watumishi wa Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, walipata mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua. Walipopimwa baadaye kwa mdoli, walikuwa wameboreka sana. Walipotazamwa na watoto halisi, utendaji haukuwa umebadilika. Mwaka 2011 hospitali ikageuza utaratibu: dakika 3 hadi 5 za mazoezi kila wiki, hapohapo wodini, na dakika 40 za kurudia kila mwezi. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Mdoli ulikuwa uleule na somo lilikuwa lilelile. Kilichobadilika ni mahali, muda na marudio.

Hatua ya kwanza: tafuta mahali timu inapokwama

Usianze na "tuboreshe ushirikiano". Neno hilo kila mtu analikubali na hakuna anayejua afanye nini kesho asubuhi. Anza na tukio moja. Kaa na watu wa zamu tatu tofauti, pamoja na wahudumu wa usafi, uwaulize: mara ya mwisho tulipogongana au kungojeana ilikuwa lini? Waache wasimulie. Andika maneno yao yalivyo: "Nilidhani dokta ameshaitwa." "Ufunguo wa kabati ulikuwa mfukoni kwa sista aliyekwenda kula." "Niliona damu chini ya kitanda lakini walikuwa wanaandika."

Halafu jaribu kitu kidogo. Mchukue mtumishi mmoja pembeni, umuulize ile kazi hatua kwa hatua. Akikwama, tatizo ni la maarifa, na simu italimaliza. Akijibu vizuri na bado wodini mambo yanakwenda kombo, tatizo ni la timu, na hakuna video itakayolimaliza. Mara nyingi utakuta yote mawili, ila la pili ni kubwa kuliko tulivyokuwa tunafikiri.

Hatua ya pili: gawa karatasi katikati

Chora mstari katikati ya karatasi. Kushoto andika ya simuni, kulia ya wodini. Dozi za dawa, dalili za hatari, namna ya kukadiria damu, vifaa vilivyomo kwenye toroli na mahali vilipo: kushoto. Nani anaongoza, nani anakwenda wapi, agizo linatolewaje, daktari anaitwa kwa maneno gani: kulia. Ukikuta jambo hulijui pa kuliweka, jiulize kama mtu anaweza kulifanya akiwa amekaa kwenye daladala. Anaweza? Kushoto.

Upande wa kulia ndio utakaokula muda wa pamoja, na muda huo ni haba. Usiupoteze kwa kusomeana slaidi.

Hatua ya tatu: tengeneza masomo ya simuni

Hapa watu hutumia nguvu nyingi kuliko inavyohitajika. Video tatu au nne za dakika 3 zinatosha, zilizorekodiwa kwa simu, ndani ya wodi yenu, na toroli lenu lenye gurudumu linalolia. Mtumishi akiona kabati analolifungua kila siku anasikiliza tofauti na anapoona hospitali ya Ulaya inayong'aa. Mgonjwa aigizwe na mwenzenu. Usimrekodi mama halisi hata kwa sekunde, hata sura isionekane. Na kesi halisi zisijadiliwe kwenye kundi kwa namna ambayo mtu anaweza kumtambua mgonjwa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata bila sheria, hiyo ni siri ya mtu.

Punguza ukubwa wa video kabla ya kuituma. Kama hospitali ina Wi-Fi, waambie wapakue wakifika kazini, maana bando si la kumkopesha mwajiri. Wenye viswaswadu usiwaache nje: wape karatasi ya ukurasa mmoja, kisha watazame video kwenye simu ya kiongozi wa zamu, wawili au watatu pamoja. Nimeona kundi hilo likijifunza vizuri kuliko wenye simu janja, kwa sababu wanabishana wakitazama.

Baada ya kila video weka maswali matatu, na yasiwe ya kuuliza maana ya neno. Uliza hivi: "Mkunga ameagiza oksitosini yuniti 10, wewe umesikia vizuri. Unasema nini kabla ya kuondoka?" Jibu analotakiwa kulizoea ni kurudia agizo kwa sauti: "Oksitosini yuniti 10, naleta."

Lipo zoezi moja la simuni ambalo liko katikati ya kujifunza peke yako na kufanya kazi na mwenzako. Mpe mtumishi kisa kifupi, kisha arekodi sauti ya sekunde 40 kana kwamba anampigia daktari. Afuate mpangilio ambao manesi wengi wanaujua kwa jina la SBAR, uliotoka kwenye nyambizi za jeshi la majini la Marekani kabla haujaingia hospitalini: kinachotokea sasa, historia yake kwa ufupi, unachokiona wewe, unachokitaka. Sauti hiyo itumwe kwa mlezi wa mafunzo faraghani. Ukiitaka kwenye kundi, watakaotuma ni walewale wawili wasioogopa kitu, na wengine watasema simu zao zimeharibika.

Usikilizapo rekodi hizo utagundua kitu. Watu wanaeleza historia vizuri mno, kuanzia kliniki ya kwanza, lakini sehemu ya mwisho inafifia: "...kwa hiyo dokta ndiyo hivyo." Hawaombi. Warudishie sauti ukiwauliza swali moja tu: ulitaka afanye nini? Wakirekodi mara ya pili inatoka: "Naomba uje leba sasa hivi."

Na jambo la rosta. Masomo haya ni kazi, siyo adhabu ya siku ya mapumziko. Tenga dakika 20 kwa wiki ndani ya zamu, ziandikwe kwenye rosta kama inavyoandikwa zamu ya kliniki. Kiongozi akikataa kuziandika, ujue mapema kwamba mafunzo hayajapewa ruhusa, yamevumiliwa tu.

Hatua ya nne: kubalianeni maneno

Kabla ya zoezi la kwanza keti na timu dakika 30 mkubaliane namna ya kusema. Hapa ndipo penye utajiri wote, usiharakishe.

La kwanza ni jina. "Leteni" ni agizo lisilo na mwenyewe. Lugha yetu inaturuhusu kuamrisha watu wote kwa neno moja, na katika dharura ruhusa hiyo inatuponza. "Rehema, dripu" lina mtu wa kulibeba. Lakini huwezi kumwita mtu ambaye hujui jina lake, na kwenye zamu zetu kuna wanafunzi, wa kujitolea, na aliyehamia jana. Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, ya mwaka 2008, inataka kila aliyemo chumbani ataje jina na kazi yake kabla ya kisu kugusa ngozi. Ilijaribiwa katika hospitali nane duniani, mojawapo ikiwa Ifakara, na baada ya kuanza kutumika matatizo yatokanayo na upasuaji yalishuka kutoka asilimia 11 hadi 7, na vifo kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Orodha ina mengi zaidi ya majina, lakini majina yamo. Leba nayo iige: baada ya kukabidhiana zamu, kila mtu aseme jina na atakachofanya dharura ikitokea. Haizidi dakika moja.

La pili ni kurudia agizo, ambalo wameshalionja simuni.

La tatu ni gumu: mdogo anamwambiaje mkubwa? Mhudumu aliyeona damu chini ya kitanda hakunyamaza kwa kutojali. Alinyamaza kwa sababu sista alikuwa anaandika, dokta alikuwa anaongea, naye amelelewa asimkatize mkubwa. Anapojitahidi kusema, anaanza na "samahani", halafu "sijui kama nakosea", na ikifika habari yenyewe hakuna anayesikiliza tena. Usimwambie awe jasiri. Mpe maneno yaliyokwisha kupata baraka za wakubwa. Wodi moja walichagua "Naomba tuangalie": "Dokta, naomba tuangalie damu." Ni la heshima, halimlaumu mtu, na sharti lake ni kwamba yeyote akilisikia anasimamisha anachofanya na anageuza macho. Sharti hilo alitamke daktari mwenyewe mbele ya wote, siku ya makubaliano. Likisemwa na mratibu linabaki kuwa maneno ya mratibu.

Hatua ya tano: zoezi la wodini

Dakika 15, mara moja kwa wiki, mara tu baada ya makabidhiano. Usiwashikilie wa zamu ya usiku wanaotaka kwenda kulala. Fanya na wanaoingia, halafu wiki nyingine fanya saa tatu usiku ili na zamu ya usiku ipate haki yake. Akija mama halisi, zoezi linaishia hapo bila mjadala.

Vifaa havihitaji mfadhili. Damu tunaitengeneza kwa juisi ya rozela iliyochemshwa ikawa nzito, tunapima nusu lita na kuimwaga kwenye kanga na pedi. Mara ya kwanza waambie wakadirie kabla hujasema kipimo. Watu wenye miaka 15 ya kazi walitazama nusu lita wakasema mililita 200, na tangu siku hiyo hakuna aliyetukejeli kwa kuchezea juisi. Chupa za dawa zitumike zilizokwisha, zijazwe maji, zibandikwe karatasi nyekundu yenye neno ZOEZI, zihesabiwe kabla na baada. Hili la kuhesabu usilikwepe.

Gawa kadi tano: kiongozi, wa kukanda mfuko wa uzazi na kutazama damu, wa dripu na dawa, mwandishi wa muda, na mkimbiaji wa kuita watu na kuleta vitu. Mkiwa watatu tu, kama ilivyo usiku mwingi, mtu mmoja abebe kadi mbili, na hapo ndipo mtajua kadi gani haziendi pamoja. Zungusha kadi kila wiki. Mhudumu akishika kadi ya mwandishi, na mkunga mkuu akishika ya mkimbiaji, kila mmoja anaona chumba kwa upande asiouzoea.

Msisitizo wa zoezi uwe kufanya mambo kwa pamoja, si kwa foleni. Utafiti wa E-MOTIVE, uliotolewa mwaka 2023 kutoka hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Tanzania na Afrika Kusini, ulionyesha hilo: damu ilipopimwa mapema kwa shuka maalumu yenye alama, na matibabu yote (kukanda, oksitosini, dawa ya kusaidia damu kuganda iitwayo asidi ya traneksamiki, dripu, uchunguzi wa chanzo) yakatolewa kwa mkupuo mmoja badala ya kungoja hili lishindwe ndipo lije lile, matokeo mabaya kabisa yalipungua kwa asilimia 60. Na wafanyakazi wake walifundishwa kwa mazoezi ya kuigiza palepale kazini. Mkupuo hauwezi kufanywa na mtu mmoja mwenye mikono miwili.

Dakika 5 za zoezi zinatosha. Mwezeshaji ashike saa na afunge mdomo. Akianza kusahihisha katikati, timu inamtazama yeye badala ya kumtazama kiongozi wao.

Hatua ya sita: mazungumzo

Dakika 7 za mwisho ni za kuzungumza mkiwa mmesimama, kabla juisi haijafutwa. Aanze mwenye cheo cha chini. Akianza daktari, wengine wote watasema "nakubaliana na dokta". Maswali ni matatu: uliona nini? ulikuwa unangoja nini? wiki ijayo tubadilishe kitu gani kimoja?

Swali la kungoja ndilo lenye mavuno. Mkunga anasema alikuwa anangoja dripu, wa dripu anasema alikuwa anangoja kanula (kimrija cha kuingiza dripu mshipani), na mkimbiaji anasema kanula ziko droo ya chini, nyuma ya katheta, ndiyo maana alichelewa. Jibu la wiki hiyo halikuwa somo, lilikuwa kuhamisha kanula droo ya juu. Ushirikiano mwingine unapatikana kwa kupanga kabati.

Hatua ya saba: rudisha simuni

Ndani ya siku moja mlezi atume kwenye kundi sauti ya sekunde 30: tulichobadilisha wiki hii, na kwa nini. Aliyekuwa mapumziko anakuta kanula zimehama na anajua sababu. Baada ya wiki, tuma swali moja kuhusu mabadiliko hayo. Kisha zoezi linalofuata lianze na jambo hilohilo. Bila kurudi huku, simu na wodi zinakuwa mafunzo mawili yasiyojuana.

Hatua ya nane: pima kinachoonekana

Acha kuhesabu vyeti. Wakati wa zoezi hesabu vitu vitatu: dakika na sekunde kutoka wito wa kwanza hadi dripu kuanza, maagizo mangapi yalitajwa na jina la mtu, na mangapi yalirudiwa kwa sauti. Andika kwenye karatasi ukutani, kwa zamu, si kwa majina ya watu. Hesabu pia ni watumishi wangapi wa zamu ya usiku wamepitia zoezi mwezi huo, maana hao ndio husahaulika, na damu haichagui saa.

Yatakayokukwamisha

Uhamisho. Umejenga timu miezi sita, barua inakuja, wawili wanaondoka. Ndiyo maana video za wodi zinafaa: mgeni azitazame siku tatu za kwanza, na wiki yake ya kwanza apewe kadi ya mwandishi, ambayo inamlazimu kuangalia kila mtu.

Daktari asiyekuja. Usimbembeleze kwa barua. Fanyeni zoezi linaloishia kwenye simu, mmpigie kweli (umtaarifu asubuhi kwamba leo utapigiwa ya mazoezi), na mpime muda hadi anapokea. Akiona dakika zake ukutani, kwa kawaida wiki inayofuata anakuja mwenyewe.

Kundi la WhatsApp kugeuka soko la vitenge na salamu za Ijumaa. Fungueni kundi la pili la hayo, la mafunzo liruhusu walezi pekee kutuma.

Na kadi zenyewe: zifunikwe kwa plastiki, zitobolewe, zifungwe kwa kamba kwenye mpini wa toroli. Zetu tuliziweka kwenye bahasha ofisini kwa matroni, na Jumamosi ya kwanza ofisi ilikuwa imefungwa.